Betri ya dakika tatu: nilivyoipatia roboti yangu ya mapambano umeme unaoitosha

Watu wanne walinishauri kuhusu betri ya roboti yangu ya kwanza ya mapambano, na wote wanne walisema jambo lile lile: nichukue kubwa. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kirumba, hapa Mwanza, anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu, naye akanijibu, “Mwanangu, betri ndogo itakuacha gizani,” kisha akanipa betri ya madini ya risasi ya volti 12, ile ndogo kabisa. Nilipoipima ilizidi nusu kilo, ilhali roboti nzima, pamoja na magurudumu na silaha, haitakiwi kuzidi ratili moja, yaani gramu 454.

Mzee anaijua kazi yake. Taa ya dagaa hula umeme kidogo kidogo usiku kucha. Roboti hupigana dakika tatu tu, lakini katika dakika hizo hunywa umeme kwa pupa. Tofauti hiyo hakuna aliyeniambia.

Jaribio lililofuata liliniumiza zaidi. Maeneo ya Makoroboi nilinunua seli tatu zilizotolewa kwenye betri kuukuu ya kompyuta mpakato, kila moja gramu 45 hivi, nikaziunga mfululizo. Roboti ilitembea mezani vizuri mno, hata nikamwita mdogo wangu aje kuitazama. Nilipowasha diski ya silaha, ilivuma kidogo, ikanyamaza. Taa ya risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti, ikazimika, ikawaka, diski ikavuma, ikanyamaza tena. Jioni nzima nilikagua nyaya na kumlaumu aliyeniuzia mota, mpaka nilipoweka mita kwenye ncha za betri na kuona volti 12 zikiporomoka hadi 6 kila diski inapoanza kuzunguka. Seli za namna ile zimeundwa kutoa ampea chache kwa muda mrefu. Mota yangu ilidai zaidi ya 15 kwa mkupuo.

Hapo ndipo nilipobuni kipimo ninachojivunia hadi leo. Kijana mmoja anayeunda droni ndogo aliniazima betri yake ya lithiamu polima ya seli tatu, 850 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), ikiwa imejaa. Niliiendesha roboti dakika tatu kamili, ikisukuma tofali na kuzungusha diski bila huruma, kisha nikairudisha betri kwenye chaja inayoonyesha kiasi cha umeme kinachoingia. Chaja iliandika 274 mAh. Kwa kuwa betri hizi haifai kuzikamua zaidi ya asilimia 80, nilihitaji 343 tu, basi 450 mAh ilinitosha na kubakiza.

Niliyoiagiza Dar es Salaam ililetwa kwa basi, elfu arobaini na kitu pamoja na usafirishaji. Imeandikwa 75C, yaani inaweza kutoa ampea mara 75 ya ujazo wake, ambayo kwa hesabu ni karibu ampea 34, na ingawa wauzaji huikuza namba hiyo, nusu yake inanitosha. Msiichaji kwa chaja ya simu. Tumieni ile inayosawazisha seli, kila moja isipite volti 4.2. Yangu hulala ikiwa na volti 3.8 kwa seli, ndani ya chungu chenye mchanga mkavu wa ziwani.

Sonara mmoja alinikubalia kuipima roboti kwenye mizani yake ya dhahabu. Ilisoma gramu 449.