Tumelipia kitanda, basi alale

Kama kuna kitu nimesikia kwa hii kazi hadi nimechoka ni "mwacheni apumzike." Husemwa na mabinti, wajukuu, pasta akija kuombea mtu, hata mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakuna mtu amemuuliza. Juzi kijana mmoja amevaa suti, nadhani ametoka kazini moja kwa moja, alinipata nimemkalisha mamake kwa kiti kando ya dirisha anakunywa uji, akaniuliza na sauti ya juu, "Dada, kitanda tumelipia, mbona umemweka kwa kiti?" Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Wacha niseme mapema mimi sio nesi, ndio msinitumie picha za matokeo ya maabara. Ni msaidizi wa wodi. Tunaosha wagonjwa, tunalisha, tunageuza, tunabadilisha daipa, tunamwaga mkojo wa katheta na kuandika ni kiasi gani. Wodi yetu ni wazee kwa wingi, na wengi wameletwa Nairobi kutoka ushago juu mtoto ako huku. Nimonia, presha, stroku, ama alianguka bafuni. Sasa venye inaenda ni hivi: shosho anaingia akitembea, polepole lakini anatembea, anatibiwa, kifua kinapona, daktari anaandika aende nyumbani, na hapo ndio tunagundua hawezi simama. Familia inasema ugonjwa ulimmaliza. Mara nyingi ni kitanda kilimmaliza.

Na hii sio stori yangu tu. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2007, walichukua wazee wenye afya yao, sio wagonjwa, wakawaweka kitandani siku 10. Kupima tena, wamepoteza karibu kilo moja ya misuli kwa miguu peke yake. Sasa huyo ni mtu mzima anakula vizuri, fikiria shosho wa miaka 80 na kitu ako na homa na chakula anaonja tu vijiko viwili anasukuma sahani.

Kuinua mzee kitandani kuna mtindo wake, na watu wanakosea kwa kumvuta makwapa. Usimvute makwapa jameni, bega la mzee linaweza kuteguka. Namwambia kwanza tunataka kufanya nini, namgeuza alale ubavu, miguu inashuka chini, mwili unainuka, halafu anakaa tu hapo ukingoni mwa kitanda. Hapo ndio watu hukosa subira. Mtu akitoka kulala presha inashuka, kichwa kinazunguka, ukimsimamisha haraka ataenda chini na wewe juu yake. Kwa hivyo tunapiga stori kidogo, namuuliza mahindi yamefika wapi huko kwao. Halafu viatu. Viatu, sio soksi, na sio patipati za bafu kwa sakafu imepigwa deki saa hiyo. Anarudisha nyayo nyuma kidogo, anainama mbele, anasukuma godoro na mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa pembeni tu. Shosho mmoja alisimama hivyo mara ya kwanza baada ya siku nyingi akaniangalia akasema, "Kumbe wewe ni mfupi hivi?" Wodi nzima ilicheka.

Kitu kingine hakuna mtu huongelea ni hiyo gauni ya hospitali. Inafungwa nyuma na kamba mbili, moja kawaida imekatika. Mama wa watu ambaye kwake hawezi toka hata nje ya mlango bila kitambaa kichwani unamwambia atembee korido mgongo wote wazi? Atakataa, na wewe utaandika "mgonjwa amekataa kutembea." Mpe leso ajifunge uone. Rafiki yangu tuliyesoma naye alienda Uingereza, ananiambia huko walikuwa na kampeni nzima ya kutoa wagonjwa kwa nguo za kulala wavalishwe nguo zao za kawaida mchana ndio watoke kitandani. Sisi tungeanza na leso tu.

Halafu maji. Wazee hawasikii kiu kama sisi, hiyo ni mwili wenyewe, lakini kuna wengine wanakataa makusudi. Unakuta glasi imejaa tangu asubuhi, ukiuliza anasema ameshiba. Nilikuja kuelewa siku mama mmoja alinivuta karibu akaninong'oneza, "Nikikunywa nitataka choo, na nyinyi mko na kazi mingi." Aki hiyo iliniuma. Sasa mtu anakauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, kichwa kinachanganyikiwa, choo kinakataa kutoka, yote juu hataki kusumbua. Siku hizi nikipitia kitanda chake simuulizi kama anataka kwenda choo, namwambia "mama twende." Na hapa nitasema kitu wakubwa hawatapenda, tunavalisha watu daipa ambao wanaweza kufika chooni wakishikwa mkono, juu usiku tuko wachache na daipa ni rahisi. Rahisi kwa nani, hiyo ndio swali.

Kwa wale hawawezi toka kitandani kabisa, tunawageuza kila baada ya masaa mawili, na visigino vinainuliwa visiguse godoro. Tulifundishwa tuangalie ngozi ikiwa nyekundu. Nyekundu gani, kwa ngozi yetu hii? Ukingoja wekundu utakutana na kidonda. Mimi naweka mgongo wa mkono pale juu ya mkia, nasikia kama kuna joto ama pamekuwa pagumu, naangalia kama pameiva giza kuliko pembeni. Ikiwa hivyo naita sista hapo hapo.

Lakini wa kuchanganyikiwa usiku ndio hunimaliza. Tulikuwa na mzee mmoja Mkamba, mchana mtulivu, anashukuru kila kitu. Saa nane usiku anang'oa dripu anataka kwenda kufungulia ng'ombe. Ukimwambia Kiswahili hakusikii, kimemtoka chote. Mtu alipendekeza afungwe mikono. Aliyetusaidia ni mama wa usafi, wa Machakos, aliweka mopu chini akaketi kando yake wakaongea Kikamba, sijui walisema nini kuhusu hao ng'ombe lakini mzee alilala. Kesho yake tuliambia bintiye alete miwani na meno yake, vyote vilikuwa vimebaki nyumbani kwa droo, na karedio kadogo cha kusikiza Musyi FM, stesheni ya Kikamba, mchana asisinzie. Watu wanadhani mzee ameingiwa na wazimu ghafla, kumbe ni homa ama maji kidogo mwilini, na hapo haoni, hasikii, hajui kama ni mchana ama usiku. Daktari alitibu maambukizi ya mkojo na siku chache hivi akili ikaanza kurudi.

Yule kijana wa suti nilimwonyesha miguu ya mamake, nikamwambia ashike paja alinganishe na lake. Alinyamaza. Sijui kama alikubali ama alinihurumia, ila alibaki akimshikia kikombe.

Kwa hivyo mkikuja kuona mgonjwa, hiyo juisi ya pakiti wacheni kwanza, wengi wana kisukari. Leteni viatu vya kufunga, leso, miwani, meno, na uji mzito kwa thamosi. Akiwa alipata stroku tuulize kabla ya kumpa kitu chochote mdomoni, hata maji, juu vitu vya majimaji ndio humpalia haraka. Anayeruhusiwa, mkalishe wima kabisa, kijiko kidogo, ngoja ameze ndio uongeze, na akimaliza abaki ameketi kama nusu saa. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha kabla hiyo nusu saa, enda tu, niambie nikipita nitamrudisha mimi.