Kinyonga wa kwenye masale

Leo mvua imekata kama saa moja kasoro hivi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikachungulia dakika tano tu, imejaa theluji mpaka chini kuliko kawaida, halafu wingu likafunga na ndo tumeagana mpaka kesho tukijaliwa. Nimekaa kwenye ngazi za jikoni na kikombe cha chai, kamera mapajani, soksi zimelowa, hondohondo wanapiga kelele kwenye mringaringa wa jirani utafikiri wana kesi. Nasubiri mwanga. Kwa masika haya kusubiri mwanga ni kama kusubiri mtu anayekudai aje akukopeshe tena lakini ndo hivyo, nimeshazoea.

Dada yangu yuko Ujerumani, na kila mwaka ikifika mwezi wa nne anaturushia picha kwenye grupu la familia, maua ya manjano, kandege kamekaa kwenye uzio, anaandika "jamani baridi imeisha huku". Sisi huku Kibosho mwezi huohuo ndo tunatoa masweta kabatini. Machipuko yao yanakuja na jua, ya kwetu yanakuja na matope mpaka magotini, Machi hadi Mei, na Aprili ndo kiboko yao. Ila kuchipua ni kulekule. Mwaka huu nikasema na mi ngoja nimjibu kwa picha, kila siku moja, ya kitu kilicho hai hapahapa nyumbani bila kuvuka mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la nyumbani. Nilidhani nitamaliza vitu ndani ya wiki. Huu ni mwezi wa pili tangu nianze.

Kihamba chenyewe hakifiki hata nusu heka. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfereji, mparachichi mmoja mzee, mlimau karibu na bafu la nje, na masale, ile mimea ya majani marefu, kuzunguka mpaka. Si bustani ya kukata nyasi na mashine, ni shamba ambalo nyumba imejipenyeza katikati.

Kamera nilinunua mtumba kwa jamaa mmoja wa Moshi mjini aliyekuwa anapiga harusi, ni Canon ya zamani na lensi ya 70-300, na nia yangu ya kwanza kabisa ilikuwa tembo. Tarangire, twiga, simba juu ya mti, ule ujinga wote. Hela ya kwenda huko haijawahi kupatikana. Kitu ambacho yule jamaa hakuniambia ni kwamba chini ya migomba wakati wa masika ni giza kama ndani ya gunia. Ukiweka spidi ya 1/60 ndege anatoka kama moshi, ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 3200 picha inajaa chengachenga kama tivii ya zamani, ukiwasha fleshi mama anatoka ndani anauliza kama ni radi. Nimeharibu picha nyingi mno. Halafu unyevu, lensi ilianza kuota ukungu kwa ndani, vinyuzi vidogo vyeupe kama utando wa buibui, nikasoma mahali kwamba mchele unavuta unyevu, nikazika kila kitu kwenye ndoo ya mchele ya mama. Mchele una vumbi lake aisee. Sasa zumu ikizungushwa inalia kr kr kr, na mama anasema wali una harufu ya plastiki, ambayo si kweli ila sibishani.

Waliochukua muda wangu mwingi ni chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda. Mgomba ukishazaa kunabaki lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, la rangi ya damu ya mzee, na kila siku linafunua ganda moja, chini yake kuna safu ya vijiua vyembamba vyenye asali. Chozi analijua hilo ganda kuliko mwenye shamba. Anakuja, ananing'inia kichwa chini, kucha zimeshika ncha ya ganda, anaingiza mdomo kwenye kijiua cha kwanza, cha pili, cha tatu, anaruka vichache sijui kwa nini, na mvua ikiwa imetoka kunyesha unaona tone limekaa mgongoni kwake halidondoki, na ule mgongo ambao kwa mbali ni mweusi tu, ukipata mwanga kidogo unawaka kama shaba iliyosuguliwa. Nusu sekunde. Akigeuka ni mweusi tena. Mwanangu mdogo aliniuliza kwa nini anaitwa chozi wakati halii, nikamwambia labda kwa sababu ukimkosa kwenye fokasi unalia wewe.

Mnana nao wako, wanajenga juu ya mti wa jirani ila vifaa vya ujenzi wanachukua kwetu. Dume linauma ukingo wa jani la hindi, linashika barabara, halafu linaruka nalo, jani linachanika lenyewe uzi mrefu mpaka mwisho. Fundi kabisa. Kisha jike anakuja kukagua, na akikataa dume linafumua nyumba nzima linaanza upya. Picha nilizopata ni za matako ya ndege tu, tupite.

Kwenye mlimau kulikuwa na viwavi. Ukiwaona wakiwa wadogo unasema ni mavi ya ndege, rangi ileile, weusi na doa jeupe, wamelala juu ya jani wala hawajifichi. Wakikua wanakuwa wa kijani wanene, na ukiwagusa wanatoa kitu kama ulimi wenye panda, rangi ya chungwa, nyuma ya kichwa, na harufu kali ya limau lililooza. Mama alitaka kuwapondaponda wote, mlimau ni wake, na ni kweli walikuwa wanaumaliza. Tukaelewana nibakize watatu. Mmoja sijui alienda wapi. Wawili wakajifunga kwenye kijiti kwa kauzi kamoja kamepita mgongoni kama fundi wa umeme na mkanda wake juu ya nguzo, wakawa bundo, kile kifuko ambacho kipepeo hutokea humo. Bundo moja likaanza kuwa jeusi jeusi, siku moja nikakuta lina tundu na vinyigu vidogo kuliko chawa vinatoka humo. La pili nikalilinda. Kila asubuhi kabla ya kukata majani ya ng'ombe naenda kuliangalia. Alhamisi nikatumwa mjini kununua pumba, kwenda na kurudi masaa matatu na foleni ya daladala juu, narudi nakuta ganda tupu. Mama ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa huku anamenya ndizi, "kipepeo chako kimetoka, kikubwa, cheusi na manjano, kimekaa pale muda mrefu tu kinakausha mabawa." Nikamwuliza simu yake ilikuwa wapi. Akasema ilikuwa mfukoni.

Sasa kinyonga.

Nilimkuta kwenye masale ya upande wa barabara, dume la pembe mbili, pembe bapa zimechongoka mbele ya pua kama ncha za mkasi uliofungwa. Huyu ni wa huku kwetu milimani, kwa jina la kitaalamu ni Kinyongia tavetana, na kundi lao lilipotengwa mwaka 2006 wakalipa hilo jina la Kinyongia, yaani wamelichukua neno letu hilihili la nyumbani wakaliwekea mkia. Nilifurahi mno nilipolijua hilo. Nikamfuata siku nne. Anatembea mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, anayumba kama jani linalosukumwa na upepo hata kama upepo hamna, vidole vimegawanyika viwili huku vitatu huku, vinashika sale kama koleo. Jicho moja linaniangalia mi, lingine liko kwenye nzi.

Ila picha zilikuwa za hovyo. Kijani juu ya kijani, jani la sale limempita usoni, nyuma yake kunaonekana bati la choo. Nikaona ngoja. Nikakata kijiti nikamdandisha polepole, nikampeleka kwenye mawaridi ya mama karibu na jiko, nikamweka juu ya ua jekundu. Picha ikatoka aisee. Nikaiweka stetasi, watu wakanipigia na simu, dada kule akaandika "we kaka unatisha", mtu mmoja akauliza kama nauza.

Nilikuwa nimeingia ndani kuchaji betri ndo nikasikia kuku. Kinyonga alikuwa ameshuka kwenye waridi, nadhani anarudi kwao, si unajua kutoka pale mpaka kwenye masale ni kama hatua ishirini za kwangu, sijui ni safari gani kwake, na katikati ya uwanja jogoo la jirani na majike matatu wamemzunguka. Hakukimbia, hana mbio. Alikuwa amejijaza upepo, amegeuka mweusi kabisa, mdomo wazi mpaka unaona ndani, anafoka kwa kasauti kama tairi ya baiskeli inayotoa pumzi. Jogoo lilishamdonoa mara moja ubavuni. Nikatupa ndala, likaruka, nikampokea na kijiti kilekile nikamrudisha kwenye masale, akaingia ndani bila kugeuka.

Ule weusi naufahamu. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaiba ugoro wa babu, tunambana kinyonga mdomo kwa kijiti, tunamwekea humo, halafu tunachuchumaa kuangalia rangi zinavyobadilika mpaka anakuwa mweusi na kudondoka. Tulikuwa tunacheka. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo miaka mingi, pengine tangu darasa la tano, na sasa nimesimama uwanjani na ndala moja mguuni natafuta tofauti kati ya ugoro na waridi naiona ni ndogo kuliko ninavyotaka. Stetasi nikaifuta. Dada akauliza mbona umefuta nikamwambia bando.

Wachaga tunajua masale ni ya kuombea msamaha, ukikosana na mtu unampelekea sale na anatakiwa alegee. Huyu sasa anakaa hukohuko juu yake, nimpelekee nini.

Siku tisa sikumwona. Mvua ilinyesha mfululizo, jongoo wamejaa mpaka chumbani, kumbikumbi wakatoka usiku mmoja wakafunika taa yote na wanangu wakawala wa kukaanga na chumvi, nilipiga picha nzuri tu za hao lakini moyo haukuwepo. Kila nikipita pale kwenye masale naangalia jani moja moja, hamna.

Juzi umeme ulikatika. Nikakumbuka kwamba kinyonga akilala usiku rangi inamtoka, anapauka, na ukimulika tochi anaonekana mbali kuliko mchana. Shida ni mikono, tochi moja, kamera moja. Ikabidi nimwombe mama. Sasa mama yangu anaweza kumtoa nyoka chooni kwa ufagio na akaendelea kuimba pambio lake, ila kinyonga akimwona anazunguka nyumba nzima kumkwepa. "We baba, hicho kidude sikisogelei." Nikamwambia simama hapohapo mama, mulika tu. Akasimama hatua tano nyuma, kanga kichwani, anamulika juu, chini, kwenye mfereji, usoni kwangu.

Halafu tukamwona. Pembeni kabisa, juu ya ncha ya sale inayoelekea barabarani, mweupe mweupe kama karatasi ya zamani, macho yamefungwa, mkia umeviringwa kama ganda la konokono. Ubavuni ana kovu dogo, kama punje ya mtama. Jani lilikuwa linainama kwa uzito wake na kila tone likidondoka kutoka kwenye mgomba linaruka kidogo na yeye analala tu. Nikapiga. Spidi ndogo, na mkono wa mama ulikuwa unatetemeka kwa hiyo mwanga nao unatetemeka, picha ina kivuli mara mbili, ukingo wa bati la choo umo, sale moja limepita mbele ya mguu. Nikapiga tatu basi.

Mama akasogea kuangalia kwenye kioo cha kamera, si kwenye jani. Akakaa kimya. Akasema, "Kumbe analala kabisa." Kisha, "Anafanana na babu yako akisinzia kanisani." Akacheka mpaka mwanga ukatoka kwa kinyonga ukaenda juu kwenye mparachichi.

Nimemtumia dada hiyohiyo yenye bati. Amejibu "hii mbona imetikisika".

Chai imeshapoa na wingu ndo kwanza linashuka. Nilikuwa nataka nimalizie hapa nikakate majani ya ng'ombe, ila nasikia mtu anarusha mawe upande wa barabara, nimesimama kuangalia, ni mama, amemkimbiza jogoo la jirani kutoka kwenye masale mpaka kule kwenye geti, na mwenye jogoo ametoka anauliza kulikoni na mama anamwambia linamharibia maua. Upande ule hatuna ua hata moja.