Nilivyojifunza kuuza mitumba kwa simu baada ya kizimba chetu kuungua

Moto ulipoteketeza Soko la Karume, Ilala, usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 16 Januari 2022, kizimba nilichokuwa nikikitumia pamoja na shangazi yangu kiliungua na kila kilichokuwamo. Nilibaki na magauni 23 niliyokuwa nimeyapeleka nyumbani Ijumaa jioni ili niyafue na kuyapiga pasi, kwa kuwa shangazi hakukubali kamwe gauni litundikwe likiwa bado na mikunjo ya robota, yaani furushi la mitumba lililofungwa kwa kukazwa. Sikuwa na mpango wowote wa kuuza mtandaoni. Nilikuwa na magauni hayo, simu yenye kamera ya wastani, na kodi ya chumba iliyokuwa inakaribia.

Wiki mbili za kwanza niliweka picha kwenye WhatsApp na Instagram nikauza magauni manne tu, yote kwa watu walionifahamu na ambao, nadhani, walinihurumia. Wengine walitazama, wakauliza bei, wakanyamaza. Nilidhani tatizo ni bei, nikazishusha, na ukimya ukabaki palepale. Shangazi, ambaye hata leo simu anaitumia kupiga na kupokea tu, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, kwani pale sokoni mteja alikuwa ananunua kwa macho?" Ni kweli hakuwa akinunua kwa macho. Mteja wa Karume hushika kitambaa akakivuta aone kama kinanyumbuka, huligeuza gauni nje ndani kukagua mishono, huchungulia kwapani, hupandisha na kushusha zipu mara mbili, kisha hulipima juu ya nguo alizovaa huku mwenzake akimwambia kama limemkaa. Bei huja baada ya hayo yote. Mtandaoni nilikuwa nimemnyima mteja mikono yake, halafu nikashangaa kwa nini hanunui.

Nilianza na vipimo, na hapo ndipo nilipokosea vibaya. Namba iliyo kwenye lebo haisaidii sana, kwa sababu nguo hizi zinatoka nchi mbalimbali na kila nchi ina hesabu yake: gauni la namba 10 la Marekani hukaribiana na namba 14 la Uingereza, na huenda yote mawili yametoka katika robota moja. Mteja naye hujieleza kwa maneno yake. "Dada, mimi nina mwili wa kawaida, litanitosha?" Sijawahi kukutana na mwanamke asiye na mwili wa kawaida. Nikanunua tepu ya fundi cherehani, nikalilaza kila gauni juu ya meza, nikapima kutoka kwapa hadi kwapa kwa sentimita na kuandika chini ya picha namba niliyoiona: kifua 48.

Mwalimu mmoja wa Dodoma, mama wa makamo ambaye nilikuwa nikimwamkia shikamoo kwenye kila ujumbe, aliiona namba hiyo akafurahi, kwa kuwa fundi wake humpima kwa inchi na kifua chake ni inchi 47. Alilipa siku hiyo hiyo. Gauni lilipomfikia halikupita hata mabegani, maana sentimita 48 za upande mmoja ni 96 za mzunguko, nazo ni kama inchi 38 tu. Hakunitukana. Alinitumia picha ya gauni likiwa limekwama kichwani, na chini yake akaandika, "Mwanangu, hili ni la binti yangu wa darasa la saba." Nilimrudishia fedha zote pamoja na nauli ya mzigo. Tangu siku hiyo naandika mzunguko kamili, kwa inchi, kama mafundi wetu wanavyopima: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani. Naandika pia kama kitambaa kinavutika au hakivutiki, kwa kuwa inchi mbili za kitambaa kinachovutika si sawa na inchi mbili za kitambaa kikavu.

Baada ya vipimo nilishughulikia kasoro. Wauzaji wengi huficha doa kwa kukunja nguo kwenye picha, nami niliwahi kufanya hivyo. Sasa kila gauni lina picha nne, zote zinazopigwa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi karibu na mlango uliofunguliwa, bila kutumia kichujio chochote cha rangi: mbele, nyuma, lebo, na kasoro kama ipo. Kasoro naipiga kwa karibu huku nimeweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa wake uonekane. Nilitarajia picha hizo zifukuze wateja, lakini magauni yenye kasoro ndogo iliyooneshwa yaliondoka haraka kuliko yale yasiyo na kasoro. Nafikiri mteja akishaona doa la ukubwa wa punje ya mchele limetajwa, anaamini kwamba hakuna jingine lililofichwa. Bei nayo naiandika waziwazi. Ule mtindo wa "bei njoo inbox" niliuacha, kwa kuwa ulinifanya nijibu swali lile lile mara arobaini kwa siku.

Suala la kupata mzigo nitalieleza kwa hesabu, kwa sababu wengi hunishauri ninunue robota. Nimelijaribu. Mwaka 2023 nilinunua robota la magauni la kilo 45 kwa shilingi 650,000, na kama ilivyo kawaida, hufungui mpaka umelipa. Ndani yake mlikuwa na magauni 164. Yaliyostahili kupigwa picha yalikuwa 41. Mengine 76 yalikuwa ya kawaida, na 47 yalikuwa yamechanika, yamepauka, au yalikuwa ya kitambaa kizito cha baridi ambacho hapa Dar es Salaam hakina mnunuzi. Ya kawaida niliyauza mnadani kwa wastani wa shilingi 4,000, na yale ya mwisho kwa 1,000, nikarudisha 351,000. Kwa hiyo yale 41 yalinigharimu kama shilingi 7,300 kila moja, mbali na siku nilizosimama juani nikinadi. Nikienda kupointi alfajiri, yaani kuchagua nguo moja moja mzigo unapofunguliwa, nalipa kati ya 4,000 na 6,000 kwa gauni nililolichagua kwa mkono wangu mwenyewe. Robota linamfaa mwenye meza sokoni, ambaye hata gauni baya lina mahali pa kwenda. Mimi ninayeuza kwa picha, gauni nisiloweza kulipiga picha ni mzigo unaojaza chumba.

Kupointi kuna masharti yake. Ukifika saa mbili asubuhi umechelewa. Waliofika saa kumi na moja wameshabeba. Pia ukitaka mfungua mzigo akukumbuke, usimwombe punguzo mpaka akachukia. Nguo za ndani sigusi kabisa ingawa wateja huniuliza sidiria kila wiki, kwa kuwa Shirika la Viwango Tanzania linakataza kuuza za mitumba, na hata lisingekataza nisingeweza kumtazama mtu usoni nikimuuzia.

Harufu ya mtumba ilinisumbua kwa muda. Kuongeza sabuni ya unga hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuloweka gauni kwa nusu saa katika ndoo ya maji yenye kikombe cha siki, kulifua kwa sabuni ya kipande, kisha kulianika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali linapausha rangi.

Kuhusu malipo, niliwahi kutumiwa ujumbe unaofanana kabisa na wa muamala halali, wenye jina la mtumaji na kiasi cha 28,000, nikampa bodaboda magauni mawili yakaenda. Fedha hazikuwahi kuingia. Siku hizi sitazami ujumbe wala picha ya skrini ambayo mteja amenitumia. Natazama salio, na kama halijaongezeka mzigo hautoki, hata kama anayenunua ni ndugu. Kwa wateja wa mjini, nauli ya bodaboda analipa mteja, na namtajia kabla hajalipia nguo ili asije akadhani nimemwongezea. Mizigo ya mikoani naipeleka mwenyewe Stendi ya Magufuli, Mbezi, naandika jina na simu pande zote mbili za mfuko, napiga picha ya risiti na kumtumia mteja kabla basi halijaondoka. Mfuko mmoja ulipotea njiani na kampuni ya basi ikasema haiujui. Risiti haikuurudisha mfuko, lakini ilimfanya mteja ajue kwamba niliutuma, akakubali gauni jingine badala ya kunidai fedha.

Mwalimu wa Dodoma alirudi miezi mitatu baada ya lile gauni la binti yake. Safari hii hakuuliza kama litamtosha. Alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la mraba, ambako alikuwa amewapima yeye mwenyewe walimu wenzake watatu na kupanga vipimo vyao kwa safu, kwa inchi, kwa mwandiko wa ubaoni: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Wawili niliwapatia wiki hiyo hiyo. Wa tatu ana kifua cha inchi 49 na anataka gauni la mikono mirefu lisilo na maua, na kila Alhamisi alfajiri ninapoinama juu ya mzigo mpya bado namtafutia.