Kumi la rehema na madeni ya shangazi

Shangazi yangu aliuza vitambaa vya madera na leso Mji wa Kale, Mombasa, na madeni yake yote aliyaweka Facebook. Si kwa kuwaanika watu. Aligundua kwamba mtu aweza kuandika chapisho likaonekana na yeye mwenyewe tu, lenye alama ya kufuli, na tangu hapo daftari la karatasi akaliona upuuzi. Daftari huibwa, hulowa, na watoto hulichora. Humo kwenye simu aliandika jina la mteja, kitambaa, bei, kilicholipwa, na mwishoni neno lake mwenyewe. Hilo neno ndilo lililokuwa na pilipili. "Ameapa Jumatatu. Jumatatu ya mwaka gani?" Au: "Mume ana gari, mke hana mia mbili." Nilijua kwa sababu mara nyingine alinisomea huku akicheka peke yake.

Mwaka 2018 Ramadhani iliingia katikati ya Mei. Huo ndio msimu wa kukopesha: wanawake huchukua vitambaa mapema, kabla mafundi cherehani hawajaanza kukataa kazi, na malipo ni "karibu na Idi, inshallah". Kumi lile la kwanza, kumi la rehema, shangazi aliandika hadi kidole gumba kikamuuma.

Ijumaa ya tarehe 8 Juni akanipigia simu kabla ya sala. "Ndoo hapa upesi. Wasema Facebook imefungua milango."

Nilipofika alikuwa ameketi barazani, mtandio umemtoka kichwani, jambo ambalo si lake. Habari ilikuwa ya kweli. Usiku uliopita kampuni ilikiri kwamba kati ya 18 na 27 Mei, hitilafu ya programu iliwageuzia watu milioni 14 mpangilio wa machapisho mapya ukawa wa hadharani, bila wao kugusa chochote. Siku zile, kwa kawaida Facebook ilikumbuka uliyemchagua mara ya mwisho. Ukiandika kwa kufuli leo, kesho ingekupendekezea kufuli. Mafundi wao walikuwa wakitengeneza njia mpya ya kuweka picha za mbele kwenye ukurasa wa mtu, vitu ambavyo huonwa na kila mtu, na pendekezo hilo la "kila mtu" likashika hata machapisho yasiyohusika. Alama ya dunia, ile ya kuonwa na kila mtu, ilikuwepo pale pale karibu na kitufe cha kutuma. Lakini nani huitazama kila siku, tena akiwa amefunga na mteja yuko mlangoni?

Shangazi alihesabu tarehe kwa vidole. Karibu kumi la rehema zima.

Hofu yake ilikuwa na mguu mwingine. Tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametia saini sheria ya makosa ya kompyuta, na mtaani iliyobaki midomoni ni faini ya shilingi milioni 5 kwa anayesambaza uongo mtandaoni. Nikamwambia Mahakama Kuu ilikwisha kusimamisha vifungu 26 tarehe 29 Mei, na kwamba deni si uongo. "Deni si uongo," akasema, "lakini yule wa Jumatatu nimemwita mwizi."

Basi tukaanza kukagua, chapisho moja moja, yeye akisoma jina kwa kunong'ona na mimi nikitazama alama. Kufuli. Kufuli. Kufuli. Alipoanza kupumua nikamharibia, kwa sababu nilikuwa nimeisoma habari mpaka mwisho. Kampuni ilizima hitilafu tarehe 22, kisha ikachukua siku tano kuyarudisha faraghani machapisho yote ya watu hao. Kwa hiyo kufuli tunaloliona Juni halikuweza kutuambia lolote juu ya Mei. Ushahidi pekee ulikuwa taarifa ambayo Facebook ilisema itawatokea walioguswa, ikiwataka wapitie walichoandika siku zile. Tuliifungua simu, tukaifunga, tukaifungua tena. Hakutokewa na kitu. Nikamwambia hayumo, na naamini hakuwamo.

Akanyamaza kitambo. Nikadhani anashukuru. Kumbe anafikiri.

"Na wao," akauliza, "watajuaje kama simo?"

Sikuwa na jibu, naye hakulihitaji. Kusema uongo na saumu hawezi, na kwa haki yake sikumsikia akiusema. Kila mdeni aliyepita barazani alimwita vizuri, akamuuliza hali ya watoto, kisha: "Shoga, wasikia haya ya Facebook? Ati siri za watu zatoka nje." Halafu anatazama simu yake, anaguna, anaifunika kwa leso. Basi. Hata mimi niliyekagua kila kufuli nilianza kuwa na wasiwasi.

Wakalipa. Walilipa wa mwaka ule, wakalipa na wa Idi iliyopita ambao shangazi alikuwa amewaachia Mungu. Mmoja alituma pesa kwa M-Pesa kutoka Malindi na hakusalimu.

Yule wa Jumatatu alikuja usiku wa mwisho mwisho, baada ya tarawehe, na noti amezifunga kwenye pindo la leso. Akazihesabu mbele yetu polepole, akazisukuma, lakini hakunyanyuka.

"Sasa nitoeni huko," akasema. "Nione kwa mato yangu."

Shangazi akanipa simu. Nikalitafuta chapisho lake, nikakuta chini ya bei mistari minne ambayo hata mimi sikuwahi kusomewa. Nikaifunika skrini kwa kiganja nikabonyeza kufuta, kisha nikamwonyesha pale palipokuwa na jina, sasa pana la mtu mwingine.

"Mlikuwa mmeandika nini hapo?" akauliza.

"Hesabu," shangazi akasema, akamsogezea sahani ya kaimati.