Jinsi tulivyorudisha zabibu za asili kwenye miteremko ya mto Sil

Shamba la ukoo wa mume wangu liko Amandi, katika eneo la Ribeira Sacra, jimbo la Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Mizabibu yake imepandwa juu ya mto Sil, kwenye matuta ya ngazi yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, mahali ambapo trekta haliwezi kupita na kila kreti la zabibu hubebwa begani. Tulipolirithi, sehemu kubwa ilikuwa na Garnacha Tintorera na Palomino, aina zilizoenea Galicia baada ya mdudu filoksera kuangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, kwa kuwa zilizaa kwa wingi wakati wakulima walikuwa wamebaki mikono mitupu. Tulikusudia kurudisha aina za wenyeji, yaani Brancellao, Merenzao na Caíño, kisha tutengeneze divai ya mteremko huo peke yake.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuitambua mizabibu mikongwe iliyosalia katikati ya ile mingine. Wazee wa kijiji waliijua mmoja mmoja, lakini majina hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine: Merenzao huitwa María Ardoña huko Valdeorras, nayo ndiyo zabibu ileile ambayo Wafaransa wa Jura huiita Trousseau. Kwa hiyo tuliyasikiliza maelezo ya wazee, tukalinganisha maumbo ya majani na vishada, na mizabibu iliyotutia shaka tukaipima vinasaba. Kisha tuliifunga utepe ile iliyostahili kuwa mizazi na kuifuatilia katika misimu tofauti, tukiiacha yote ambayo majani yake yalijikunja na kuwa mekundu kabla ya wakati, kwani hiyo ni dalili ya virusi ambavyo husafiri pamoja na vikonyo, yaani vipande vya matawi vinavyokatwa kwenye mizazi ili kupandikizwa, hadi shamba jipya.

Mimi nilikulia Hombolo, Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na haupati baridi ya kuulaza. Galicia mzabibu hulala kweli, na usingizi huo ndio wakati wa kukata vikonyo. Tulivihifadhi kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya ghala baridi hadi majira ya kuchipua, tukavibebesha juu ya mashina yaleyale ya Garnacha Tintorera na Palomino badala ya kuyang'oa, kwa sababu mizizi yake, ya jamii za Kimarekani zinazostahimili filoksera, ilikuwa imekwisha kupenya ndani ya nyufa za mwamba. Shina hukatwa siku chache kabla, ili maji yanayopanda yapungue na yasikizamishe kikonyo. Kisha hupasuliwa, na utando wa kijani ulio chini ya gome la kikonyo hulazwa sawasawa na ule wa shina kabla ya kufungwa. Pale utando huo usipogusana, hakuna kitakachoshika, hata ufunge kwa ustadi gani.

Hatukuzipanga aina hizo kiholela. Caíño huchelewa kuiva na ina ukali mwingi, hivyo tuliiweka chini karibu na mto, upande unaotazama kusini, ambako mawe meusi ya tabaka huhifadhi joto hadi usiku. Merenzao, inayowahi kuiva, tuliipandisha juu kwenye ubaridi.

Katika kuchachusha tunatumia hamira inayotoka na zabibu zenyewe shambani, na mapipa ya zamani ambayo hayaongezi ladha ya mbao. Divai ya Brancellao hutoka na rangi hafifu, na wanunuzi waliozoea divai nzito walituhimiza tuichanganye na Garnacha Tintorera ili ikolee. Tulikataa, na hadi leo naamini uamuzi huo ndio uliookoa kazi yote, maana hifadhi ya utafiti inaweza kutunza mche, lakini mkulima hataendelea kupogoa kwenye mteremko kama ule kwa ajili ya zabibu ambayo ladha yake imezamishwa katika nyingine. Sasa divai hiyo inauzwa kwa jina la mteremko wake, kwa bei inayolipa vibarua wa kujenga upya kuta zilizobomoka, na majirani wameanza kuja kwetu kila majira ya baridi kuomba vikonyo.