Nafasi za Kambi Kando ya Mto Loire: Tulizolipia na Tulizolalia

Shemeji yangu alipotua Brussels mwezi Julai 2023 alikuwa na bahasha ya karatasi zilizochapwa, kila moja ikithibitisha nafasi ya hema katika kambi fulani kando ya mto Loire nchini Ufaransa, tulikopanga kupita kwa baiskeli, na nyingi kati ya nafasi hizo alikuwa amekwisha kuzilipia akiwa bado Dar es Salaam. Hakuwa na namna nyingine. Anayeomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa pasipoti ya Tanzania hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000, na sidhani kama yupo afisa wa viza atakayeridhika kuambiwa kwamba mwombaji ataendesha baiskeli mpaka achoke, kisha atatafuta pa kusimamisha hema. Kwa hiyo swali ambalo waendesha baiskeli wa Ulaya hubishana juu yake kila kiangazi, yaani kuhifadhi nafasi za kambi mapema au kwenda bila nafasi, kwake lilikuwa limejibiwa kabla hajafunga mizigo.

Njia yenyewe huitwa Loire à Vélo, yaani Loire kwa baiskeli, nayo ina urefu wa takriban kilomita 900 kutoka Cuffy, karibu na Nevers, hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Bahari ya Atlantiki. Sisi tulianzia Orléans. Makasri ya bonde lile sitayaeleza, maana picha zake zimeenea kila mahali. Kilichotushughulisha tangu mwanzo ni upepo, ambao katika bonde lile huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo anayeelekea baharini hukutana nao uso kwa uso. Pangani, nilikokulia, manahodha wa majahazi hawakuahidi tarehe ya kufika, waliahidi kufika. Ratiba ya shemeji ilikuwa imeahidi tarehe, na kila tarehe ilikuwa na kilomita 70 au zaidi.

Upepo ulitushinda kabla hatujafika Tours. Saa kumi na moja jioni tulikuwa bado mbali sana na kambi kubwa ambayo shemeji alikuwa ameilipia Euro 31, pamoja na ada ya kuhifadhi nafasi, kwa hema moja dogo na watu wawili wasiohitaji umeme. Nilipiga simu kuwaarifu. Mwanamke wa mapokezi alinieleza kwa adabu kwamba ofisi hufungwa saa moja usiku, kwamba tusipofika kwa muda huo nafasi yetu watapewa watu waliokwisha kupanga foleni langoni, na kwamba fedha hazitarejeshwa kwa sababu hatukununua bima ya kughairi safari. Nilimuuliza kama tunaweza kuhamishia malipo yale usiku unaofuata. Hapana, mfumo haukuruhusu.

Shemeji alitaka tuendelee gizani. Hakuwa akiihofia fedha peke yake. "Shemeji, tarehe hii nimewaandikia ubalozini," aliniambia, huku amesimama na baiskeli yake kando ya mashamba ya mizabibu, na nikaona kwamba kwake karatasi ile haikuwa ya kambi tena, ilikuwa ni neno lake mbele ya serikali ya watu. Nilimweleza, na ninaamini hivyo mpaka leo, kwamba aliyepanga safari kwa ukweli na akacheleweshwa na upepo hajamdanganya mtu, na kwamba kuendesha usiku bila taa ya maana ni jambo la hatari kuliko kupoteza nafasi. Mazungumzo hayo sidhani kama Mholanzi au Mjerumani huhitaji kuyafanya.

Tulilala katika kambi ndogo ya halmashauri ya kijiji, chini ya miti mirefu, kwa Euro 12, na zaidi ya nusu ya uwanja wake wa majani ulikuwa mtupu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo tovuti za kuhifadhia nafasi hazikuwa zimetuonyesha. Kinachojaa haraka katika kambi za Ufaransa mwezi Julai ni viwanja vyenye umeme kwa ajili ya karavani, yaani nyumba ndogo za kukokotwa na gari, na vibanda vinavyokodishwa kwa wiki. Hema la mwendesha baiskeli huhitaji kipande kidogo tu cha majani. Tena kambi nyingi za binafsi huweka masharti mtandaoni kwamba mgeni wa kiangazi alale usiku miwili au zaidi, kwa hiyo anayetafuta usiku mmoja huambiwa hakuna nafasi, ilhali akifika mwenyewe langoni huenda akaonyeshwa kona. Zipo pia kambi zenye alama ya Accueil Vélo, yaani ya kuwapokea waendesha baiskeli, zilizo ndani ya kilomita tano kutoka njiani, ambazo hutoa mahali salama pa kuweka baiskeli na vifaa vya kuzitengenezea. Hizo ndizo tulizozipigia simu kwanza siku zilizofuata.

Hata hivyo, kuchelewa siku moja kulitosha kuziharibu karatasi zote zilizobaki, kwa kuwa kila nafasi iliyolipiwa mbele yetu sasa ilikuwa ya jana. Kwa sababu hiyo, tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa la Ufaransa, ambayo mwaka ule iliangukia Ijumaa na kuwapa watu mapumziko ya siku tatu, tulijikuta karibu na Saumur tukiwa hatuna pa kulala, huku nafasi yetu halali ikiwa karibu na Angers, mbali zaidi ya nguvu zetu.

Kambi ya kwanza ilikuwa imejaa. Langoni mwa ya pili palikuwa na kibao cha kutangaza kwamba imejaa, nasi tukaingia tukauliza hivyohivyo. Kijana wa mapokezi alitugeuzia kioo cha kompyuta ili tujionee viwanja vyote vikiwa vimepakwa rangi nyekundu. Kupiga hema porini katika eneo lile si rahisi pia, kwani sheria ya Ufaransa inakataza kupiga kambi katika maeneo yaliyohifadhiwa na jirani na majengo ya kihistoria, kwa kawaida mpaka mita 500, na bonde la Loire limejaa majengo hayo. Tulipokuwa tukijadiliana tukimbilie wapi, mzee mmoja Mholanzi aliyekuja kununua barafu aliuliza kwa Kifaransa kizito kuna nini. Aliposikia, alisema kwamba yeye na mkewe wako wawili katika kiwanja kikubwa, na kwamba hema letu linaweza kukaa kando ya karavani yao.

Kijana alikataa. Mzee hakukasirika, alimuuliza kiwanja kimoja kinaruhusiwa watu wangapi. Sita, alijibiwa. "Basi sisi ni wanne," alisema mzee, akabaki amesimama pale na mfuko wake wa barafu ukidondoka maji sakafuni, mpaka kijana akaandika majina yetu na kutoza Euro 14 za watu wawili wa ziada pamoja na kodi ya wageni. Mkewe alikuwa ametutengea viti kabla hatujafungua mizigo. Walituambia kwamba kwao Uholanzi kambi nyingi huacha uwanja mdogo kwa ajili ya wanaokuja kwa miguu au kwa baiskeli, kwa sababu watu wa namna hiyo hawawezi kuambiwa waende kilomita 20 mbele saa mbili usiku.

Fataki ziliporushwa, shemeji hakuzitazama sana. Alikuwa akiwasimulia, nami nikitafsiri, jinsi msafiri anavyofika kijijini kwetu jioni, akapiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, akajitambulisha atokako na aendako, akaonyeshwa mahali karibu na shule au zahanati. Mimi mwenyewe nimelala hivyo zaidi ya mara moja kati ya Korogwe na Handeni, na sikumbuki kuulizwa karatasi ya malipo.

Kuanzia hapo tulishika utaratibu mmoja: saa sita mchana, tukiona upepo ulivyo, tunapiga simu kwenye kambi tutakayoweza kuifikia. Mwisho wa safari tu, kwa kuwa Saint-Brevin ni mji wa bahari na kiangazi hujaa wenye familia, tulilipia tukiwa bado Nantes. Kwa anayehitaji viza ushauri wangu ni mwingine: ahifadhi nafasi zote, lakini achague kambi zinazorejesha fedha, na baina ya kila siku tatu au nne aache siku moja isiyo na mwendo.

Shemeji aliiandikia ile kambi kubwa aliporudi Dar es Salaam. Walimjibu kwa kumnukulia masharti. Kwa maoni yangu, kambi ambayo mhudumu wake alikiri kwa simu kwamba ana foleni langoni, na ambayo kwa hiyo ingeweza kukiuza kiwanja kilekile mara mbili usiku mmoja, ilikuwa na deni la Euro 31 kwetu, hata kama masharti yalikuwa upande wake.