Utafiti wa nyumba bila ardhi Majengo: mimi niliomba risiti tu

Thesis imepita jamani, alhamdulillahi. Naandika hii kwa anayeanza utafiti wa sheria na jamii hapa Mombasa, maana ushauri niliopewa mimi ulikuwa wa kunizungusha tu.

Mada yangu ilikuwa nyumba bila ardhi. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa, nyumba umejenga wewe, vyumba wapangisha wewe, lakini kiwanja kina mwenyewe na kila mwezi wamlipa kodi. Kisheria mambo yanarudi hadi ile sheria ya kikoloni ya 1908, iliyotaka kila anayedai ardhi pwani aende akaandikishe madai yake, na isiyodaiwa ikaishia kwa serikali ya Mwingereza. Ukisoma haya kama wakili utaona hati, ukisoma kama mtu wa historia utaona walioachwa nje, na mimi nilitaka yote mawili pamoja na vile wenye nyumba wenyewe wanavyosema.

Kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, nikapata, barua za chuo pia, hayo mtajionea.

Sasa msimamizi akashikilia dodoso. Dodoso, dodoso. Kurasa kibao, kuna swali lauliza kama haki yako ya makazi chini ya kifungu cha 43 cha Katiba imekiukwa, weka tiki. Nikaingia mitaani na klipubodi kama karani wa sensa. Wallahi milango ilifungwa! Mama mmoja aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Umetumwa na mwenye kiwanja?" Mwengine akajibu kila swali "hatuna shida mwanangu, sisi tuko sawa," na nyuma yake ukuta una alama ya X nyekundu. Habari ikanitangulia kwamba kuna kijana anahesabu nyumba za kuvunjwa, ikabidi nipotee kidogo.

Nikakumbuka nyanyangu, ambaye hata risiti ya stima ya zamani hatupi. Niliporudi sikubeba karatasi hata moja, nikakaa barazani na kahawa chungu, maneno yakifika kwenye kodi nasema tu, "Mzee, hivi risiti za kiwanja mwaziweka?" Basi! Likatoka kopo la biskuti, ndani risiti zimefungwa kwa mpira, nyengine wino umefifia, na kila moja ina hadithi, hii alilipa babake, hii mwaka mwenye kiwanja alipofariki watoto wakaanza kugombana, hii alilipa wakakataa kuipokea. Majirani wakaleta zao wakilinganisha, na mimi naandika mpaka mkono wauma.

Na hapo ndipo pana utamu wa kisheria. Mzee anazitunza akiamini ndizo ushahidi wa haki yake. Lakini sheria ya kudai ardhi kwa kuikalia miaka 12 inataka uwe umekaa bila ruhusa ya mwenyewe, sasa ukilipa kodi si umekubali ni yake? Zile zile risiti zinazompa usingizi ndizo wakili wa upande wa pili atazishika mahakamani. Hii hungeipata kwenye maktaba peke yake, wala kwa tiki.

Aliponiuliza, "Kwa hivyo hizi zanifaa?" sikumdanganya, nikamweleza, nikamwelekeza kwa msaada wa sheria wa bure, upo tangu sheria ya 2016. Pia nikamwambia hata anayekaa bila idhini kwenye ardhi ya mtu binafsi hatolewi hivi hivi, kuna notisi ya maandishi, isiyopungua miezi mitatu. Barazani hakuna aliyekuwa anajua hilo. Usichukue maneno ya watu ukaondoka mikono mitupu.

Ah na usipige picha risiti yenye majina, nakili mwaka na kiasi tu.

Gharama? Kahawa na kashata, pesa ndogo. Iliyonimaliza ni kuchapisha dodoso, mabunda bado yako chini ya kitanda, muuza viazi karai anayetaka karatasi za kufungia aseme.